Fundi kijana, usiwape watu kumi nenosiri moja

Kila ofisi Kisii na Nyamira siku hizi inatafuta kijana "anayejua mambo ya kompyuta". Huenda ni wewe: mwanagenzi katika ofisi ya kaunti, mhitimu aliyepata kibarua kwenye sacco, au jamaa wa saiba pale Daraja Mbili anayeitwa kila mashine mpya zikifika. Kazi ya kwanza aghalabu ni moja: "Wekea hawa watu barua pepe."

Hapo ndipo wengi huteleza. Fundi huandaa kompyuta moja, huingiza anwani ya ofisi na nenosiri, hubonyeza mahali pa kulihifadhi, kisha hunakili kila kitu kwenye mashine nyingine tisa. Kufikia saa sita kazi imeisha na bosi amefurahi. Lakini watu kumi wameachiwa ufunguo mmoja.

Sasa fikiria. Katika programu kama Thunderbird, nenosiri lililohifadhiwa huweza kusomwa na yeyote aliyeketi mbele ya mashine. Karani akiacha kazi, ataendelea kusoma barua za ofisi akiwa kwake Keroka. Na ikitumwa barua ya kubadilisha akaunti ya benki ya kulipia bidhaa, nani atajua aliyeituma? Wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyefunga hizo mashine.

Hili si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ofisi inayoweka maelezo ya wakulima, wagonjwa au wanafunzi iyalinde. Faini yaweza kufika Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kutegemea kiasi kipi ni kidogo.

Njia sahihi wala si ngumu. Nakili mipangilio ya pamoja pekee: jina la seva, poti 993 ya kupokea barua kwa IMAP, 465 au 587 ya kutuma, na usimbaji uwe umewashwa. Nenosiri usiliguse. Kila mfanyakazi aketi, aandike lake mwenyewe, kisha aweke uthibitisho wa pili kwenye simu yake. Anwani ya pamoja ya ofisi ifunguliwe kwa ruhusa anayopewa kila mtu kupitia akaunti yake. Akiondoka, unafunga yake tu, wengine wanaendelea na kazi.

Pia, achana na mazoea ya kale. Mnamo Oktoba 1, 2022, Microsoft ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa jina na nenosiri tupu katika huduma yake ya barua pepe za ofisi. Ukiilazimisha, programu itakuomba pasiwadi kutwa nzima. Chagua OAuth2, ukurasa wa kuingia ufunguke, mtumiaji amalizie.

Nanyi wakubwa wa ofisi, tunajua mnachokwepa: akaunti ya kila mtu ni gharama. Lakini akaunti moja ya watu kumi ni akiba ya uongo. Msimharakishe kijana kisha mkamtupia lawama mambo yakiharibika.

Kijana, bosi akisema "weka hiyo moja tu", mweleze hatari yake kwa heshima, na umwandikie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo ukuta utajengwa kwa jina lako.