Kilo za watu nazo zihesabiwe

Kutoka Rubaya kuja Sake tunaona pikapu zimeinama nyuma, taa za mbele zinaangalia mbinguni. Hilux inabeba karibu tone moja, na ndani ya ile tone watu nao wamo. Koltani inadanganya macho: mifuko 16 ya kilo 50 haijazi hata karoseri, lakini ni kilo 800 tayari. Halafu shofere anapandisha wachimbaji 10 juu yake. Kila mmoja akiwa na kilo 60, zimeongezeka 600. Kwenye ile miteremko ya matope, breki itashika nini? Tunajua, shofere analipwa kwa mfuko na kwa kichwa. Basi wenye gari waamue: watu wakipanda, mifuko ishuke. Na wewe mama, bwana akichelewa kufika Goma juu alingojea gari ingine, usimugombeze.