Asilimia 95

Katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliamuru redio ya taifa ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95. Shabaha ilikuwa kuwapa Wazambia sauti yao, rumba ya Kongo na soul ya Marekani zikae kando. Bendi zikachipuka, na mtindo uliotamba ukawa kalindula, wenye jina la gitaa la besi la kienyeji lililowambwa ngozi ya mbuzi.

Kichekesho ni kwamba nyumbani kwa kalindula ni Luapula, mkoa wa mpakani ambao upigaji wake wa gitaa umetoka kwa sehemu kubwa ng'ambo, Kongo. Tangu enzi za mkoloni vijana wa huku walivuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Katanga, na samaki wa Ziwa Mweru wakafuata njia hiyohiyo kuwalisha wachimbaji. Huko ndiko alikovuma mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata zile asilimia 95 zilikuwa na Ukongo wa kutosha ndani yake.

Nalikumbusha hili kwa sababu wazee wa wilaya yetu ya Nchelenge, kando ya ziwa hilo, wanalalamika kwamba vijana wamepotea kwa kupenda nyimbo za kigeni. Nenda soko la Kashikishi, simama kwenye kibanda cha fundi simu anapomjazia kijana mvuvi wa chisense, wale samaki wadogo, memori kadi: nyimbo za Chef 187 kwa Kibemba, Fally Ipupa kwa Kilingala, Diamond kwa Kiswahili, zote kwa bei moja. Kijana huyo atakuimbia Kilingala mwanzo mpaka mwisho. Mwambie aombe chumvi kwa lugha hiyo, anakwama. Si ajabu. Mwimbaji Selena Quintanilla, mzaliwa wa Texas, alikulia kwenye Kiingereza na akaimba Kihispania kabla hajakimudu kukizungumza, na vijana wa Kilatino wa Marekani wakamhesabu wa kwao.

Ila nisieleweke vibaya. Kwamba muziki huunganisha watu ni maneno ya mabango ya matamasha. Tangu 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala, humuhumu wilayani, yanawapokea Wakongo waliokimbia mapigano ng'ambo ya ziwa, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Wimbo wa Kiswahili huingia baa bila kuulizwa kitambulisho. Msemaji wa Kiswahili je? Kijana aliyeucheza wimbo huo Jumamosi atamwitaje jirani huyo Jumatatu, wakigombea mteja mmoja wa samaki?

Mpaka unaopita katika ziwa hili ulikubaliwa na Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894, na bado mijadala yetu ya muziki huanza kwa kuuliza wimbo ni wa nchi gani. Waandishi wa toleo hili tuliwaomba waliweke kando swali hilo, watuambie nani anacheza na nani, na nani anaachwa mlangoni. Baadhi yao hawakubaliani nami hata kidogo. Makala zao nimezitanguliza.