Bunduki Iliyoshuka kwa Ndege

Katika ukumbi wa forodha wa uwanja mmoja wa ndege nchini mwetu, ambako mwaka jana nilikuwa nikingojea sanduku langu lililochelewa, nilimwona askari wa makamo ameinamia bunduki ya mgeni kama fundi ainamiavyo saa mbovu, akafuta kwa kidole gumba mafuta yaliyoganda juu ya chuma, akaisoma kwa sauti ya chini nambari iliyochongwa hapo, tarakimu baada ya tarakimu, kisha akaigeukia nambari iliyoandikwa katika kibali, akatikisa kichwa. Kwenye chuma palikuwa na tatu; kwenye karatasi palikuwa na nane. Mwindaji bingwa aliyekuja kumlaki mgeni, mtu mwenye mvi na adabu zake, alisogea akasema, "Afande, mgeni wetu ametoka mbali, amechoka." Askari akamjibu pasipo kuinua macho, "Pole yake, mzee wangu. Lakini na bunduki nayo imetoka mbali, na haina kinywa. Ngoja tuisome."

Walisomeana kwa muda wa saa mbili. Simu zilipigwa, nakala zikatafutwa, na mgeni, mtu mnene mwenye kofia ya majani, akaketi juu ya begi lake akivuta pumzi kwa ghadhabu. Sisi tuliokuwa tukitazama tulimhurumia, nami sikubaki nyuma katika huruma hiyo. Ila kila niikumbukapo siku ile huzidi kuwa na yakini kwamba aliyestahili kuonewa fahari pale ni yule askari. Nasema hivi kwa sababu yako maneno yanayosemwa sasa, na wasemaji wake si wajinga, kwamba ukaguzi wa namna hii huwafukuza wageni wa uwindaji wakaenda Namibia na Afrika Kusini na dola zao, na kwamba ingekuwa aula tuwafungulie mlango kwa tabasamu na muhuri mmoja. Mimi ni mtu wa Korogwe, na jamaa zangu wa kuukeni wako Handeni. Watu wa pande zile wanayo haki ya kusema neno juu ya bunduki ziingiazo bila kuulizwa.

Kwanza na ieleweke kwamba bunduki haipandi ndege kama mwavuli. Mwenyewe hana budi kuitoa risasi zote, kuifungia ndani ya sanduku gumu lenye makufuli, na kuitaja kwa ulimi wake mbele ya karani wa shirika la ndege kabla mzigo haujapokewa. Na huko Marekani, watokako wengi wa wawindaji hawa, sheria yataka ufunguo ubaki mikononi mwa mwenye mali. Bunduki hulala chini katika shehena, wala haikai karibu na abiria hata nukta moja. Risasi nazo zina kifurushi chake, na kwa kanuni za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hazipiti kilo 5 kwa mtu mmoja pamoja na uzito wa kifurushi, wala mke na mume hawaruhusiwi kuchanganya mafungu yao yakawa moja. Kabla hajaondoka kwao, forodha ya Marekani humwandikia hati yenye nambari ya bunduki, ili atakaporejea asije akaambiwa ameinunua ugenini. Anapobadilisha ndege njiani, nchi ile nayo yaweza kudai kibali chake, hata ikiwa sanduku halitaliona jua lake. Na akifika kwetu anangojewa na kibali cha muda kilichotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kilichotaja aina ya silaha, kipimo cha mtutu, nambari, na hesabu ya risasi alizokuja nazo.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu ajitie katika taabu yote hii hali makampuni ya uwindaji yanazo bunduki za kukodisha. Swali ni zuri, na wengi siku hizi hukodi. Lakini nilipomwuliza mwindaji bingwa mmoja, alinijibu kwa neno ambalo sijapata kulipinga: mtu hupiga vizuri kwa bunduki aliyoizoea bega, na nyati aliyepigwa vibaya hafi porini peke yake. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani akangoja, na aghalabu amkutaye wa kwanza si mgeni aliyelipa, ni mama aendaye kuni. Ndiyo maana, kabla ya kumwendea mnyama yeyote, mgeni hupelekwa mahali pa wazi akapiga shabaha ya karatasi, kuhakikisha kwamba darubini ya bunduki haikupinda kwa kutupwatupwa mizigoni. Na mlio wa kwanza wanaousikia majirani wa kitalu cha uwindaji katika msimu, unaoanza Julai, huwa ni wa kuua karatasi.

Hapa naomba ruhusa ya kustaajabu kidogo. Agosti 2015, baada ya simba Cecil kuuawa Zimbabwe na dunia kukasirika, mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, Delta, United na American, yalitangaza kwamba hayatabeba tena nyara za wanyama wakubwa, kina simba, chui, tembo, faru na nyati. Bunduki, hata hivyo, ziliendelea kupokewa kaunta. Sina shaka na nia njema ya waliotoa amri ile, walakini dhamiri inayoikataa pembe irudiyo na kuipokea risasi iendayo ni dhamiri iliyopima mzigo upande mmoja.

Turudi kwenye njia. Mgeni akishukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na pori alilokodi likiwa la upande wetu, gari humteremsha kwa Moshi na Same, likaambaa milima ya Upare kisha ya Usambara, likapita Mazinde na Mombo, hata likaingia Korogwe penye mto Pangani; na kutoka hapo lami ya kilomita 65 au karibu yake humfikisha Handeni. Ni safari ya kupendeza, yenye mkonge na machungwa, na sanduku la bunduki limelala nyuma ya kiti. Nijuavyo, dereva hasimami Mazinde, kwa kuwa hakuna cha kumsimamisha. Lakini Mazinde ndipo alipojenga Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara aliyekaa Vuga; Semboja ndiye aliyetambua kabla ya nduguze kwamba enzi imeshuka kutoka mlimani, penye uganga wa mvua na kodi ya ndizi na mifugo, ikaja nyikani penye njia ya misafara. Wazigua, waliokuwa karibu zaidi na Saadani na Pangani, walikuwa wamekwisha kutangulia kupata bunduki za gumegume zilizoletwa na majahazi ya Unguja, na mizani ya nchi ikainama upande wa mwenye baruti. Kimweri alifariki mwaka 1862. Haikutimia miaka kumi Semboja akamwendea mwana wa nduguye aliyerithi kiti, Vuga ikachomwa moto, Wabondei wakaasi, na binadamu wakauzwa ili zinunuliwe bunduki za kuwakamatia binadamu wengine. Pale Pangani hapakuwa na mtu wa kufuta mafuta juu ya chuma akauliza: hii ni ya nani, inakwenda wapi, na itarudi lini?

Swali hilo lilikuja kuulizwa kwa kuchelewa, na waulizaji hawakuwa wenye nchi. Wakubwa wa Ulaya walipokutana Brussels wakatia saini mkataba wao mwaka 1890, walizuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika baina ya daraja 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, eneo ambalo Handeni imo ndani yake, wakiyaacha magumegume yapite. Siwasifu, waliufunga mlango baada ya kuingia na bunduki zao wenyewe.

Wala wawindaji wa zamani hawakujua adha hii ya leo. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, aliyeteremka Mombasa Desemba 1933, kisha akamtafuta tandala mkubwa hadi vilima vya Kijungu, magharibi ya Handeni, alikuja kwa meli na bunduki zake. Na alipopanda ndege katika safari ile, Januari 1934, alipandishwa kwa tumbo la kuhara damu akapelekwa Nairobi kutibiwa.

Nakubali kwamba ukarimu una haki yake. Karatasi zingeweza kutangulia siku nyingi kabla ya mgeni, na mtu asizungushwe kwenye madirisha matatu kwa jambo ambalo dirisha moja linalimaliza. Na kwa kuwa msimu unajulikana tangu mwanzo wa mwaka, haipendezi kila Julai ikatushtua kama mvua ya ghafla. Hayo na yafanywe. Lakini lile tendo la jicho la mtu juu ya chuma, tatu au nane, lisiondolewe kwa ajili ya haraka ya mtu yeyote, wala lisibadilishwe kwa picha iliyotumwa kwa simu.

Na likibaki, linifuate mpaka nyumbani. Babu yangu mzaa mama, aliyelima mahindi upande wa Handeni na kukesha shambani kwa sababu ya nguruwe mwitu, alikuwa na gobore. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji. Kitako alikichonga mwenyewe kwa mti ambao jina lake alilijua kwa Kizigua tu. Baruti, tambara na marisau alivishindilia kwa mdeki uliokuwa zamani ufito wa mwavuli. Nililiogopa zaidi mimi niliyesimama nyuma yake kuliko nguruwe aliyesimama mbele. Alipofariki lilibaki darini miaka mingi, likijulikana na ukoo mzima na kutojulikana na serikali, kama yalivyo mengine ambayo sitayahesabu hapa kwa kuwa hayana mwenye kuyahesabu. Hatimaye mjomba, aliposikia tangazo la Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa watu kusalimisha silaha bila kushtakiwa, alilifunga katika gunia, akapanda bodaboda, akalipeleka.

Alipokelewa kwa heshima, akakalishwa kitini. Kijana aliyekuwa na daftari aliandika jina, kijiji, aina ya silaha, kisha, kalamu ikiwa juu ya safu ya nne, akauliza, "Nambari yake, mzee?" Mjomba akaligeuzageuza lile bomba kwenye mwanga wa dirisha, akalifuta kutu kwa upindo wa kanzu, akatazama pande zote. Kijana akangoja, akangoja tena, mwishowe akachora kistari.