TUKANDANE, LAKINI KWA AKILI

Ndugu wanaushirika,

"Mtu ni Afya." Kampeni hiyo ilitangazwa redioni mwaka 1973, na vikundi vya kisomo vikajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Leo naongeza jambo moja: mgongo.

Tazameni wakati wa kuvuna tangawizi, au siku ya msaragambo. Mama anainama tangu asubuhi, halafu anapanda mlima na mzigo kichwani. Jioni anapika. Baba ndiye anayesema, "Nikande mgongo." Sasa jamani, yule mama nani amkande? Hakuna mtu anayejikanda mgongo mwenyewe.

Kukanda siyo anasa. Msuli uliokaza ukikandwa hulegea, maumivu hupungua, na mtu hupata usingizi. Hata mwenye mawazo mengi hutulia. Njia yenyewe rahisi: kitambaa cha maji ya moto, mafuta kidogo, viganja vianze polepole, kisha vidole gumba vifuate nyama ya pembeni mwa uti wa mgongo. Uti wenyewe usikandamizwe. Akisema anaumia, punguza nguvu.

Lakini mikono ina mipaka. Mtu akianguka mteremkoni, mguu ukavimba akashindwa kuukanyagia, usimkande. Huenda mfupa umevunjika. Ufungwe vijiti usitikisike, apelekwe hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma bila kuanguka, usiusugue. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likifika mapafuni linaua. Tumbo la mjamzito lisikandwe ili kumgeuza mtoto, hiyo ni kazi ya daktari. Homa nayo haikandwi, inapimwa.

Wapo wanaosema Same ni mbali na nauli hamna, basi tukande tu. Ndugu zangu, mfupa ukiunga vibaya, kilema ni cha maisha. Nauli ya mgonjwa tunaweza kuchangishana.

Wakandaji wetu wazee tuwaheshimu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa jadi na kuwataka wajiandikishe. Mkandaji bora ni yule anayejua kusema, "Hii siyo yangu, nenda hospitali."

Napendekeza mkutano ujao tumwite mganga wa zahanati akae pamoja na wakandaji wetu, watufundishe wote. Wanaume tutangulie kujifunza. Aliyebeba mzigo naye akandwe.

Katibu wa Tawi