Lenzi ya Kamera Usiyonayo

Ingia duka lolote la kamera Kariakoo au katikati ya Nairobi, sema una kamera ya kropu na unatafuta lenzi. Kabla hujamaliza sentensi umeshajibiwa: chukua ya fulufremu, utakuja kupanda. Muulize kaka aliyekutangulia kwenye kazi za harusi, atakwambia hivyohivyo, na ataongeza kwamba lenzi za kropu ni za kujifunzia, plastiki tupu, siku ukinunua bodi kubwa utazigawa bure. Bodi hupita, lenzi hubaki. Maneno haya yamerudiwa mpaka hakuna anayeyadai ushahidi, na ndiyo yaliyowajazia vijana wetu mabegi ya lenzi nzito zisizoendana na kamera walizonazo. Nayapinga yote. Yanakuharibia kazi wakati una kropu peke yake, na yanakupotosha zaidi siku fulufremu inapofika kweli.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayorukwa. Sensa ya fulufremu ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Ya kropu kwa Nikon na Sony ni kama 23.5 kwa 15.6, kwa Canon ni ndogo zaidi kidogo, kama 22.3 kwa 14.9. Lenzi ni ileile na milimita zake ni zilezile. Sensa ndogo inachukua kipande cha katikati tu cha kile lenzi inachokiona. Sasa chukua zumu ya 24-70, ndiyo lenzi ambayo kila mshauri anakutakia. Iweke kwenye fulufremu, ikunjue hadi 24, simama mita nne mbele ya watu: picha inabeba upana wa mita sita. Iweke kwenye kropu ya Canon, simama palepale: unapata takribani mita 3.7. Kwa watu waliosimama bega kwa bega, tukimpa kila mmoja nusu mita, hiyo ni tofauti ya watu kumi na wawili na watu saba.

Peleka hesabu hiyo sebuleni Magomeni siku ya send-off. Kuna seti ya makochi, meza ya kioo, friji iliyofunikwa kitambaa, na ukoo mzima wa bibi harusi unataka picha moja kabla gari halijafika. Mpigapicha ameshagusa kabati la vyombo kwa mgongo, sahani zinalia, na kwenye kioo cha kamera shangazi wa mwisho kushoto hana bega. "Mjomba, ingia ndani kidogo." Mjomba anaingia, anamfunika mtoto. "Mama, samahani, sogea mbele." Mama anasogea, sasa amekuwa mkubwa kuliko bibi harusi. Kisha inapigwa picha ya upande wa kulia na picha ya upande wa kushoto, kana kwamba ni familia mbili. Lenzi iliyoko mkononi, kama ni toleo la pili la 24-70 ya Canon ya f/2.8, ilitangazwa mwaka 2012 kwa dola 2,299. Mwaka 2014 Canon hiyohiyo ilitoa EF-S 10-18 kwa dola 299, gramu 240, lenzi ya kropu kabisa, plastiki kama wanavyosema. Ikiwa kwenye 10, mita nne zilezile zinakupa karibu mita tisa za upana. Ingechukua ukoo wote na friji.

Watetezi wana jibu. Wanasema lenzi ya fulufremu kwenye kropu inatumia sehemu yake ya katikati, sehemu iliyo kali kuliko zote, kwa hiyo picha inakuwa safi zaidi. Nusu ya hoja hii ni kweli: pembe zenye giza na ulegevu zinabaki nje ya sensa. Nusu ya pili hawaitaji. Picha ya kropu ya Canon, ili ifike ukubwa uleule wa albamu, lazima ikuzwe mara 1.6 zaidi ya ile ya fulufremu, na kila kasoro ya lenzi inakuzwa pamoja nayo. Megapikseli 24 zilizobanwa kwenye sensa ya Nikon ya kropu zina msongamano ambao kwenye fulufremu ungekuwa megapikseli zaidi ya 50. Hapo kioo kilichochorwa kwa ajili ya duara kubwa la picha la fulufremu kinadaiwa ukali ambao huenda hakikuundiwa. Anayechora lenzi kwa duara dogo ana nafasi ya kufanya mambo mengine. Sigma walionyesha hilo mwaka 2013 na zumu yao ya 18-35 yenye f/1.8 mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo zumu ya kamera za DSLR haikuwahi kulifanya kabla. Waliweza kwa sababu hawakulazimika kufunika milimita 36.

(Na hicho kipimo cha 24 kwa 36 tunachokiheshimu kama amri kina historia ya kuchekesha. Oskar Barnack alichukua filamu ya sinema akailaza kwa upana, kamera yake ya Leica ikaonyeshwa Leipzig mwaka 1925, na mbele ya kamera za sahani za kioo za wakati huo ilikuwa kijidude.)

Tuseme sasa umepanda. Una Canon 70D yako ya siku zote, ya kropu, umeongeza 6D ya mtumba, ya fulufremu, na lenzi zako zote ni za fulufremu kama ulivyoagizwa. Unatarajia begi lizae matunda. Kinachotokea ni kwamba kila lenzi imebadilishwa kazi bila wewe kuulizwa. 50 yako ya f/1.8, uliyoizoea kwa picha za uso kwa sababu kwenye kropu ilifanya kazi ya 80, imekuwa lenzi ya kawaida. Ukitaka uso uleule inabidi umsogelee bibi harusi mpaka asikie unavyohema. 70-200 iliyokuwa inafika madhabahuni ukiwa umesimama nyuma ya viti imefupika, na padri amesema wazi wapigapicha wasivuke mstari wa maua. Unaweza kuikata picha ya 6D baadaye ili urudi kwenye ukubwa uliouzoea, lakini megapikseli 20 zikikatwa hivyo zinabaki kama nane. 70D kwenye lenzi hiyohiyo ingekupa 20 zote. Kwa hiyo 70-200 mahali pake ni kwenye kropu, ingawa kila ninayemwona ukumbini ameifunga kwenye bodi ghali kwa sababu vyote viwili ni ghali.

Wapiga picha za wanyama wanalijua hili kuliko sisi wa harusi. Nikon D500 ya mwaka 2016 ilipendwa mbugani ikiwa kropu ya megapikseli 20.9, kwa sababu 500 inafanya kazi ya 750 bila kununua kioo cha uzito wa mtoto wa miezi sita. Aliyeiuza akachukua fulufremu ya megapikseli 24 apigie ndege alibaki na takribani kumi kwenye eneo lilelile la picha. D850 yenye 45.7 ndiyo inayokaribia, maana ukiikata inabakiza kama 19, ila bei yake ni mazungumzo mengine.

Kosa la gharama kubwa zaidi linakuja baada ya kununua bodi kubwa. Mwenye bodi mpya anaambiwa sasa anahitaji zumu ya f/2.8 "ya fulufremu". Kama kwenye kropu tayari anayo EF-S 17-55 ya f/2.8, naomba atulie kidogo. Lenzi hiyo kwenye kropu ya Canon inaona kama 27-88, na ukungu wa nyuma inaotoa ni kama wa f/4.5 kwenye fulufremu. Sensa kubwa ina eneo mara 2.6, kwa hiyo hata ukipandisha ISO kutoka 1600 hadi 3200 ili kufidia f/4, chenga zitalingana au zitapungua kidogo. Maana yake ni kwamba 24-105 ya f/4 kwenye 6D inapiga karibu picha ileile ambayo 17-55 inapiga kwenye 70D. Atakayebisha kwamba f/2.8 ni f/2.8 popote ana haki kuhusu mwangaza wa kila milimita ya mraba. Amesahau kuhesabu milimita za mraba.

Hoja hiyo inakata pande zote mbili, na upande wa pili ndio usiosemwa dukani. Ukinunua fulufremu ukaivalisha zumu ya f/4, umelipa bodi na lenzi ili upate picha uliyokuwa nayo. Fulufremu inalipa pale tu inapopewa lenzi ambayo kropu haina mwenzake. EF 85 ya f/1.8 imekuwepo tangu mwaka 1992, ina gramu 425, na mitumba yake imejaa. Ili kropu ya Canon itoe picha ya lenzi hiyo ilivyo kwenye 6D, ungehitaji 53 yenye f/1.1. Nani anayo kabatini? 35 ya f/2 ni vilevile. Hata 50 ya f/1.8 iliyotoka mwaka 2015 kwa dola kama 130, gramu 160, ikiwa kwenye 6D inatoa kitu ambacho zumu yoyote ya kropu niliyoitaja, ukiitoa ile ya Sigma, haiwezi kukisogelea. Bodi kubwa, lenzi moja yenye uwazi mkubwa. Zumu zibaki kwenye kropu, ambako zimeshaundwa vizuri, ni nyepesi na ni nafuu.

Najua hofu iliyo nyuma ya ushauri wa kale. Lenzi za EF-S haziingii kwenye fulufremu za Canon kama 5D na 6D. Nyuma yake imechomoza, na ingelazimishwa ingegongwa na kioo kinachoruka ndani ya bodi. Ndiyo maana zina alama ya mraba mweupe, na EF ina nukta nyekundu. Za Nikon za kropu (DX) zinaingia kwenye fulufremu zake (FX) lakini kamera inajikata yenyewe, na ukiwa na megapikseli 24 unabaki na kama kumi. Kwa hiyo, wanasema, ni hasara. Hasara ipi? Bodi ya kropu haijafa. Ipo, inafanya kazi Jumamosi hiyohiyo, na lenzi zake zinaifuata. Siku ukiiuza, unaiuza na 10-18 na 17-55 zake, kwa kijana anayeanza, na zitakuwa zimeshajilipa kwa kazi ulizofanya nazo miaka yote hiyo. Fedha iliyofungwa kwenye 24-70 ukisubiri bodi isiyokuwepo haikukupigia familia hata moja iliyotimia.

Kwenye kamera zisizo na kioo hadithi imelegea. EOS RP, fulufremu ya Canon ya mwaka 2019, inapokea EF-S kwa adapta. Picha za kawaida zinashuka hadi megapikseli kama kumi, ila kwenye video ya 4K bodi hiyo inatumia sehemu ya katikati ya sensa tu, hivyo lenzi ya kropu haipotezi chochote. Wapiga video waliouza lenzi zao za kropu kwa aibu walipoinunua walikuja kuzitafuta tena.

Kuna mahali ushauri wa kale hauna ubaya. Lenzi ndefu nyingi ni za fulufremu, na kwa milimita 85 kwenda juu huna sababu ya kuhangaika. Nunua, itakaa popote. Na mwenye fedha mkononi, anayehama wiki ijayo na kropu ameshaipatia mnunuzi, asipoteze muda kusoma makala haya. Ugomvi wangu uko kwenye lenzi pana na zumu za katikati, ambako ndiko kazi yetu nyingi ilipo: sebule, ukumbi, altare, nyuma ya gari la maharusi.

Kilichobaki ni pete nyekundu ya lenzi ghali za Canon. Wapo wanaokiri, mkibaki wawili, kwamba mteja huitazama lenzi kabla hajatazama picha, na kwamba 24-70 yenye pete nyekundu inapandisha bei ya kazi hata ikikata mabega. Siwezi kuwabishia, ni gharama ya matangazo, na iandikwe kwenye daftari hivyo.

Kama unachotafuta ni vitu ambavyo bodi zako mbili zitatumia kwa pamoja, anza na betri. 70D na 6D zote zinakula LP-E6, zote zinachukua kadi ya SD, na flashi moja inakaa juu ya yoyote. Hapo ndipo utajua umefanya busara kubaki ndani ya familia moja, saa nne usiku, keki haijakatwa, na betri ya kwanza imeanza kumweka.