Mitandao Haisomwi kwa Noti Tu

Leo nina neno ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Kumfunza mwanafunzi wa chuo kikuu mitandao ya kompyuta kwa maelezo ya ubaoni peke yake ni kumpotezea wakati na karo. Ni sawa na kumfunza mtu kuogelea juu ya mkeka.

Sisi wa Mombasa ndio hasa tungelijua hili. Kebo ya TEAMS, yenye urefu wa kilomita 5,000 hivi, ilifika pwani yetu kutoka Fujairah mwezi wa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na tena nzito. Mlango wa intaneti basi uko huku kwetu. Lakini muulize kijana wa Kibokoni jinsi data inavyopita mlangoni hapo, atakwambia, "Si ni Wi-Fi?" Jamani!

Mnamo Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Mwezi huo huo kebo nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ikapungua kasi, lakini haikuzimika. Kwa nini? Jibu lake ndilo zoezi tamu kuliko yote katika maabara ya mitandao. Mwanafunzi huunga ruta tatu kwa umbo la pembetatu, akazipa anwani za IP, akaziacha zijulishane njia. Kisha hutuma pakiti mfululizo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na huku zinapita, achomoe waya mmoja. Pakiti kadhaa hupotea. Baada ya muda mfupi ruta huambizana kwamba njia hii imekufa, na pakiti zaanza kufika tena kwa kuzungukia upande wa pili. Aliyeyaona hayo kwa macho yake hana haja ya kukariri.

Binamu yangu alisoma mitandao katika chuo cha mbali, sikitaji, kwa noti tupu, na mtihani akaupita vizuri. Akapata kibarua cha kuvuta waya kwenye duka moja Mji wa Kale. Kuta za mle ni za mawe ya matumbawe, nene, Wi-Fi haipenyi. Na kutoboa ovyo hakuna, maana mji ni wa hifadhi. Yabidi waya uzungushwe, na ule wa shaba usizidi mita 100. Hayo yote aliyajua. Lakini kuvisha plagi sasa! Nyaya ni nane, jozi nne, naye akazipanga jozi kwa jozi zikifuatana. Kumbe jozi moja hutenganishwa: mmoja hukaa nafasi ya 3, mwenzake ya 6, na jozi nyingine huwa katikati yao. Taa za kipimio ziliwaka zote, ila mtandao ukatambaa kama kobe. Fundi asiyekuwa na cheti chochote ndiye aliyemwonyesha, kwa dakika kumi.

Najua nitaambiwa vifaa ni ghali. Si uongo. Lakini kompyuta kuukuu yenye Linux na kadi mbili za mtandao yaweza kufanya kazi ya ruta. Programu za kuigiza mtandao, kama Packet Tracer, zafaa kuanzia, mimi sizibezi. Ila humo ndani plagi hailegei, panya hawatafuni waya, wala stima haipotei ukiwa katikati ya kazi.

Na kwani tungoje mpaka chuo kikuu? Somo letu la Kompyuta la KCSE lina karatasi ya vitendo na mradi pia, lakini mitandao twaisoma zaidi daftarini. Nawaomba walimu watupatie waya kidogo, koleo la kubania plagi na swichi moja, hata iwe imechakaa. Chama chetu cha Kiswahili nacho kiwe pale, kiandike majina wanayoyatumia mafundi wa mjini kabla hatujaletewa mengine ya kubuni. Chumba cha kompyuta huwa kitupu kila Jumatano baada ya saa tisa na nusu.