Siri Usiyotakiwa Kuitunza

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu viongozi rika, yaani wanafunzi wa sekondari wanaofundishwa kuwasaidia wenzao mambo ya afya. Mlioandika baadaye, wengi mliuliza jambo moja: rafiki akikuapisha usimwambie mtu, ufanyeje?

Swali hilo nalijua. Nilikuwa na miaka 15, hapa hapa Houston. Rafiki yangu aliniambia ndani ya basi la shule kwamba amechoka kuishi, akaniapisha nisiseme. Nikanyamaza, nikidhani huo ndio urafiki. Si mnajua tulivyolelewa: ya nyumbani hayatoki nje. Siku tisa baadaye hakuja shule, alikuwa amelazwa. Alipona, alhamdulillahi, na leo ana watoto wawili. Lakini zile siku tisa bado nazibeba.

Sasa mimi ni muuguzi, na kila Alhamisi jioni nakaa na kikundi cha wanafunzi wanaojifunza uongozi rika. Hatuwafundishi kuwa madaktari. Kazi yao ni kuona, kuuliza, kusikiliza na kumfikisha mwenzao kwa mtu mzima.

Kuona ni kama hivi: ameacha mpira aliokuwa akiupenda, halali usiku, anagawa vitu vyake. Ukiona hayo, muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Wazazi wengi wanaliogopa swali hili, wanadhani litampa wazo. Sivyo. Tafiti zinaonyesha kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Halafu sikiliza bila kuhubiri.

Kisha mtu mzima: mshauri wa shule, nesi, shangazi unayemwamini. Wa kwanza akipuuza, nenda kwa wa pili. Hapa Marekani, tangu Julai 2022, kuna namba 988. Unapiga au unatuma meseji, saa 24. Mlio Uingereza, Childline ni 0800 1111, bure. Kama hatari ni sasa hivi, piga 911 au 999, na usimwache peke yake.

Binti mmoja kwenye kikundi aliniuliza, "Dada, si nitakuwa nimemsaliti?" Nikamwambia huenda akakununia, tena miezi. Mimi ningekubali kununiwa mwaka mzima kuliko zile siku tisa.

Mwingine alisema mama yake hataelewa, maana kwa Kiswahili ugonjwa huu hauna jina. Jina lipo: sonona. Nami nilikuwa silijui, nikaenda kumuuliza mama. Akacheka kidogo. "Kwani mlidhani sisi hatukuwa nayo? Mama yako mdogo alisonona miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe. Hata kupika alikuwa hawezi."

Nina miaka 34. Sikuwahi kusikia habari hiyo hata siku moja. Ningeisikia nikiwa na 15, siku ile ningeshuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja jikoni kwa mama.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sisi tumeficha mpaka neno lenyewe. Basi wiki hii muulize mzazi wako, au bibi kwa simu: je, kwetu kuna aliyewahi kusonona? Usimkatize. Halafu tuandikie alivyokujibu.